Wimbo wa Kufukuza Mvua

Sisi tuliosoma shule ya msingi kule Nuu, kijijini Kitui, kabla simu hazijaingia mfukoni, tulijua wimbo mzuri ni upi. Ni ule unaouchezea mabega, basi. Wimbo wa kanisani uliruhusu mabega kidogo, wimbo wa arusi mabega na miguu, na benga ya redio ya jirani iliruhusu mwili mzima mradi mama asiwe karibu. Wimbo usiochezeka tuliuhesabu kuwa ugonjwa. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaodhani ndio wa kwanza kuwasumbua wazazi kwa muziki wa ajabu, kaeni chini niwaambie.

Nakumbuka tulivyokwenda shule kila mmoja na mtungi wake wa maji, maji tuliyoyachimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Mkono wa pili ulishika muthokoi wa jana, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Kufika saa sita muthokoi ulikuwa umeshika harufu ya kopo, na mpaka leo nikipewa uliopikwa kwa ustadi hotelini naona kuna kitu kinakosekana. Viatu vilivaliwa mkaguzi akija. Watoto wangu nikiwasimulia haya wananiuliza kama kulikuwa na wifi.

Basi tukiwa darasa la saba akaletwa mwalimu kijana, Madam Eunice. Alikuja na sanduku moja na kichuma chenye miguu miwili, ambacho alikigonga gotini akakiweka sikioni, kisha akatuambia tuimbe vile kichuma kinavyosema. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini Madam hakuwa na mchezo. Mashindano ya muziki ya shule yalikuwa yanakuja, naye alituchagulia wimbo wa Kizungu wa sauti nne. Hata hakikuwa Kiingereza, kilikuwa Kijerumani! Wavulana wa sauti nzito walinguruma kama fahali aliyekwama matopeni, wasichana wakapanda juu mpaka mbwa wa mlinzi akaondoka shuleni.

Halafu, sijui lini, ule wimbo ukatuingia. Ulikuwa unaenda polepole, unageuka pale usipotegemea, na sauti zote nne zikikutana nilisahau kucheka. Madam akanichagua niuanze peke yangu. Watakaoimba wangepelekwa mpaka Kitui mjini kwa lori, na mimi sikuwa nimewahi kukanyaga lami. Nililala nikiiota hiyo lami, laini, nyeusi, ikiteleza kama sabuni.

Siku moja mwenzetu mmoja akauliza wimbo unasema nini. Madam Eunice, mtu mkweli jamani, akatuambia. Msafiri amefungiwa na mvua nyumba ya kulala wageni, anaiomba ikome ili akamwone mchumba wake.

Mvua ikome? Nuu hii? Mvua ambayo kanisa zima lilikuwa linafunga na kulia kuiomba! Kufika jioni habari ilikuwa kila boma. Mwaitu, mama yangu, alishikilia mwiko hewani. "Ati ikome? Ni gani hiyo imekuja ndio ikome?"

Wazazi wakaitisha kikao, wakajibana kwenye madawati yetu magoti yakiwa mashavuni. Shemasi alisimama akasema wimbo usiochezeka umeficha kitu, na siku hizo ibada za shetani zilikuwa zimejaa midomoni mwa watu kuliko chakula. Mama mmoja akasema ndengu zake zimekauka tangu tuanze mazoezi. Wakataka wimbo upigwe marufuku, na Madam arudishwe alikotoka na kichuma chake. Yeye alisimama karibu na ubao amekifumbata. Nikaona macho yake yanalengalenga, mimi nikatangulia kulia.

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa baba yangu, mnunuzi wa mbuzi, mtu wa hasira za karibu. Nilijua lori limeshaondoka bila mimi.

"Huu wimbo," Baba akauliza, "nani hapa ameusikia?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Sasa tunakataa nini? Mimi sijawahi kukataa mbuzi kabla sijamfungua mdomo nikaona meno."

Tukaitwa mbele. Nilianza peke yangu, wenzangu wakanidaka. Baba alifumba macho. Niliona bega lake la kulia likipanda kutafuta mahali pa kuingilia, likakwama hewani, likashuka. Likajaribu tena mbele kidogo, likashindwa tena. Tukamaliza.

"Sijaelewa," Baba akasema. "Imbeni tena."

Tukaimba tena. "Bado sijaelewa," akasema akifungua macho. "Lakini shetani pia sijamwona."

Wazee wa Nuu hawakushindwa hivihivi. Waliamua tufanye mazoezi ndani ya stoo, madirisha yamefungwa, mawingu yasisikie. Tukifika Kitui mjini tuimbe kwa nguvu zetu zote, maana kule wana mifereji, mvua ikikoma hawatakufa. Tuliimba katikati ya majembe na magunia ya mbegu, jasho likitutoka mpaka Kijerumani kikalowa.

Siku ikafika. Nilivua viatu nikaikanyaga lami kwa mguu mtupu, ikaniunguza, nikaipenda hivyohivyo. Tukaingia ukumbini, ukumbi wa mabati. Madam akagonga kichuma chake, nikafungua mdomo kuiomba mvua ikome, na hapohapo, jamani, ikashuka! Mvua ya mawe! Majaji walituona tukifungua na kufunga midomo tu kama samaki. Tukawa wa mwisho, nikalia njia nzima ya kurudi, lori likikwama kwenye matope kila kona.

Matope! Hata Nuu ilikuwa imenyesha. Tulikuta wazazi wamesimama barabarani, wamelowa, wanapiga vigelegele. Shemasi alimshika Madam mkono akamwambia yeye tangu mwanzo alijua wimbo ule umebarikiwa. Kuanzia hapo, kila msimu wa kupanda, tuliitwa tuuimbe, madirisha wazi, na hakuna aliyetaka kukumbushwa maana yake. Akina mama walikuwa wameshapata pale mabega yanapoingia. Kwa Kijerumani.

Kisa hiki nimekihubiri sana. Nimekitoa kwenye arusi na kwenye vikao vya wazazi hapa mji wa Wote ninapoishi, kuonyesha kizazi chetu kilivyokuwa na masikio mapana. Kisha nilikuwa nikirudi nyumbani, ambako binti yangu Mumbua alikuwa akipiga muziki unaolia kama kinu cha posho kilichomeza kijiko. Hakuna anayeimba. Mtu anasema neno moja, halafu kinu kinamjibu. "Zima hiyo takataka," nilimwambia, na akazima. Alijinunulia spika za masikioni, nyumba ikatulia. Tunakula tumetulia, tunatazamana tumetulia. Enzi zetu wimbo ulikuwa wa kijiji kizima, hata ugomvi wake tuliula pamoja kwenye sahani moja. Siku hizi kila mtu amejifungia stoo yake, na mawingu hayasikii chochote. Nilidhani nimeshinda, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkosa mtoto wangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Juzi Baba amekuja kutoka Nuu kutibiwa magoti. Nilitoka kazini nikamkuta barazani, amevuta kigoda karibu na Mumbua, sikio lake la kushoto lina spika moja na la Mumbua la kulia lina ya pili. Mzee alikuwa amefumba macho. Nikaona bega likipanda, likakwama hewani, likashuka.

"Sijaelewa," akasema. "Weka tena."

Mumbua alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. Nikasogea, nikasafisha koo, nikauliza kama na mimi naweza kusikiliza kidogo.

"Dad, si ulisema ni takataka?"

Kabla sijajibu, Baba alinyoosha mkono akanizuia kifuani, macho bado amefumba.

"Wewe ngoja hapo," akasema. "Mimi bado sijaelewa."