Nusu Digrii ya Fundi Duara

Walimwita Fundi Duara kwa sababu katika miaka thelathini ya kuchora mabango ya maduka hakuwahi kugusa bikari. Alivuta pumzi, akazungusha mkono mara moja, na duara likafunga. Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, ila mkono wa kulia ukabaki ukitetemeka. Brashi akazifunga kwenye gazeti, akawa mtu wa kukaa tu.

Mkamwana wake, mwenye duka la kuchapisha fulana na kadi, alichoka kumwona mzee akihesabu vigae vya sebuleni. Asubuhi moja akamwomba aje amlindie duka. Hakukuwa na cha kulinda. Alimkalisha mbele ya kompyuta, akamfungulia programu ya kuchorea. Akamweleza kwamba unachora umbo moja dogo, unaandika ligeuke digrii ngapi na likue kiasi gani, kisha unaiachia mashine irudie.

Mzee akachora tone la maji. Lilikuja limepinda, aibu tupu. Akaandika thelathini, akabonyeza. Matone yakazaana, yakazunguka yakipanuka kama gamba la konokono, na ule upinde, uliporudiwa mara sitini, ukageuka pambo.

"Nani kachora haya mengine?" akauliza.

"Ni wewe, baba."

Tangu hapo akawa wa kwanza kufika dukani. Tisini ilimpa mikono minne ya matone. Mia na ishirini, mitatu. Akaanza kupanda digrii moja moja, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja rangi ikauke. Kwenye mia thelathini na saba mistari ilipinda upande mmoja. Kwenye mia thelathini na nane ikapinda upande wa pili. Akajiambia, basi kuna kitu katikati. Akaongeza nusu.

Mianya yote ikatoweka. Kila tone liliingia kati ya wenzake, na mistari ikazunguka kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Mzee aliondoa mikono mezani. Mkamwana alikuja kuangalia, mteja akabaki na fulana yake mkononi.

"Hii nimewahi kuiona," mzee akasema. Akatoka bila kofia, akarudi na nanasi. Kwa kalamu ya wino mzito wakahesabu safu za magamba yake: nane zikipanda huku, kumi na tatu zikipanda kule. Wakahesabu kwenye skrini. Nane. Kumi na tatu.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani nabuni. Kumbe nafuata nyayo."

Picha ile ilibandikwa kwenye kioo cha duka, na siku hizi watu humletea kazi za mapambo ya mapazia na kuta. Nanasi lilikaa mezani wiki nzima, kwa kuwa mzee hakukubali liguswe na kisu, hata mkewe akamwuliza kama anangoja litage. Lilipoanza kunukia hadi kwa jirani, alilikata mwenyewe, polepole, akiufuata mstari wa magamba.