Mfupa Ambao Haukuwepo

Nina kichwa kigumu, na miaka mingi ya kufundisha sayansi hapa Eldoret ilikifanya kigumu zaidi. Mtu aliyezoea kuuliza maswali hapendi kuulizwa.

Mbwa wangu alianza kukohoa siku chache baada ya kumpeleka kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, uwanjani, ambako mbwa wa mtaa wetu mzima wa Munyaka walisimama pua kwa pua. Siku hiyo ya chanjo daktari wa mifugo alikuwa ameniambia iko nyingine, ya kikohozi, inayowafaa mbwa wanaochangamana na wenzao. Nilicheka mbele ya watu.

"Daktari, mbwa achanjwe homa? Kesho utaniuzia sweta yake!"

Kikohozi kilikuwa kikavu, cha kukwaruza, na mwisho wake mbwa alitoa povu jeupe kama anayekabwa. Kwetu kila mtu anajua maana yake: mfupa umekwama. Nikafanya kama baba yangu, nikamlisha matonge makavu ya ugali ili yausukume. Aliyala kwa furaha, kisha akakohoa tena.

"Mfupa gani unakaa kooni siku tatu na mbwa anakula hivi?" mke wangu aliuliza.

Nilimjibu kwamba mahindi yanatungoja shambani Moiben. Kila mavuno tulimwachia mbwa jirani yetu, mama mjane mwenye duka. Msimu huo mbwa wake alikuwa na watoto wanne ambao hata macho yao hayakuwa yamefumbuka vizuri, na mama huyo aliwapenda kupita kiasi.

"Mwalimu, mbona hii mbwa yako inakohoa?"

"Ni mfupa tu, Mama. Utashuka."

Nilisema kwa sauti ya darasani, ile isiyopingwa. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Tuliporudi baada ya mavuno, mbwa wangu alitikisa mkia, mzima kabisa. Watoto wawili wa mbwa wa jirani walikuwa wamezikwa nyuma ya duka, na wawili waliobaki walihema kwa shida. Nilikimbia kwa daktari, eti nikaulize tu.

Alinieleza bila haraka. Kikohozi hicho hupita kwa hewa na kwa vyombo vya maji. Mbwa mkubwa mara nyingi hupona kwa wiki mbili au tatu akitengwa na wenzake, akipumzika mbali na moshi, bila kamba shingoni. Mbwa mchanga ndiye hushikwa na nimonia, na bila dawa mapema hafiki mbali. Wale wawili alikuwa ameshawaanzishia sindano.

"Nilimuuliza Mama kama kuna mbwa mgonjwa aliingia kwake," akasema. "Akaniambia hapana, ni ya Mwalimu tu, na hiyo iko na mfupa."

Heri angenitukana.

Njia nzima nilipanga maneno ya kuungama, nikayarudia kama mtoto wa shule. Nilimkuta jirani langoni kwangu, amebeba chupa ya maziwa, macho mekundu.

"Mwalimu, unisamehe," akaanza kabla sijafungua mdomo. "Uliniachia mbwa yako, na hizi zangu zikashikwa na ugonjwa, sijui zilitoa wapi. Naogopa zimeiambukiza. Ipe hii maziwa, tafadhali."

Mke wangu alikuwa mlangoni, akinitazama. Nikaipokea ile chupa.

"Nimekusamehe, Mama," nikasema.