Za Kula na za Kuuza

Mwaka jana nilikuwa natoka msibani upande wa Nduguti, nikasimamisha gari kwenye kibanda kimoja kando ya barabara ninunue nyanya. Zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu, nyekundu, zinang'aa, hazina hata doa. Binti aliyekuwa anauza akaniamkia, nami nikamjibu kwa Kinyiramba, kile kidogo nilichobakiza. Akatabasamu, kisha akainama na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, hizo acha. Hizo ni za kuuza. Ngoja nikuletee za kula."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki nimesimama pale na pochi mkononi, akili yangu yote imerudi bondeni kwa Bibi.

Mto wetu ulikuwa na maji miezi michache tu ya mwaka. Ukikauka, watu walichimba visima kwenye mchanga, na kando ya visima wanawake walilima bustani. Bibi, aliyenilea, alikuwa na yake, ya mchicha, vitunguu na nyanya. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu, kabla ya shule na baada ya shule, na sisemi uongo, nilinung'unika sana. Lakini ile harufu kali ya majani ya nyanya yakilowa asubuhi, inayobaki mikononi mpaka uko darasani unaandika, naitamani hadi leo. Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda palepale kivulini, na nyanya tulizichuma na kuzipaka chumvi ambayo Bibi aliifunga kwenye pindo la kanga yake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bibi hakulilegeza kwa mtu yeyote. Mteja akija, Bibi alichuma nyanya moja, akaifuta kwa kanga, akasema, "Ngoja nile mimi kwanza." Aliuma nusu, akatafuna bila haraka na yale meno yake machache, halafu nusu iliyobaki akampa mteja. Mteja naye akala, ndipo biashara ikaanza. Mwalimu wetu alikuwa mgeni kutoka mbali na mwenye kujisikia kidogo. Siku ya kwanza alipokabidhiwa nusu yenye alama za meno, aliangalia juu kama anayetafuta mvua. Mwishowe akaila. Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi, na Bibi akichelewa kuuma, mwalimu mwenyewe alimkumbusha.

Bustani iliyopakana na yetu ilikuwa ya mama jirani. Alikuwa na umri wa kuwa binti wa Bibi, na alimwita mama. Walichangia kisima, walichangia jembe, na akifiwa mmoja, mwingine ndiye aliyepika. Binti yake alikuwa rafiki yangu. Mimi na yeye tulikula nyanya za bustani zote mbili bila kujua mpaka uko wapi.

Ndipo ikaja ile miaka ya biashara huria. Sukari na sabuni vikaonekana dukani bila foleni, mitumba ikajaa mnadani, na sisi watoto tulifurahi, kwa nini tusifurahi? Lakini ushirika uliokuwa unanunua pamba ulianza kuyumba, na wengi wakaacha kuilima. Majumbani zikabaki chupa za dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Kisha akatokea mfanyabiashara kutoka Singida Mjini, na pikapu yake na matenga yake. Alitaka nyanya nyingi, na alitaka zisizo na tundu hata moja. Za Bibi zilikuwa na matundu ya viwavi, akaziangalia na kuzipita. Mama jirani hakuwa na bomba la kupulizia, lakini alikuwa na ndoo, fagio la majani na chupa ya ile dawa. Akawa anachovya na kunyunyiza. Nyanya zake zikawa safi ajabu, na pikapu ikawa inasimama kwake.

Siku moja tulikuwa wote pale tunasaidia kujaza matenga. Rafiki yangu akachukua nyanya moja, kama tulivyozoea, akaipeleka mdomoni. Mama yake akampiga kibao mkononi, nyanya ikaangukia mchangani.

"Si nilikuambia usile za huku? Za kwetu ziko kule kisimani."

Kweli, kule kisimani kulikuwa na mistari miwili ya nyanya ndogo ndogo ambayo hatukuwa tumeijali. Mfanyabiashara aliendelea kufunga matenga yake. Bibi ndiye aliyeinama akaiokota ile nyanya. Alipoanza kuifuta niliogopa ataiuma, maana nilimjua. Lakini hakuiuma. Alimpa mama jirani.

"Kula wewe kwanza, mwanangu. Halafu unipe nusu yangu."

Mama jirani aliipokea. Akaifuta tena kwa kanga yake, akaigeuza, akaifuta upande ule ule uliokwisha kufutwa. Mwishowe akasema, "Mama, hizi zinakwenda mjini."

"Mjini hakuna watoto?"

"Wapo. Lakini siwajui. Wangu ni huyu."

Bibi hakugomba. Alichukua ndoo yake tukaondoka, na njiani niliona anafuta macho. Kesho yake alianza kuchimba kisima kingine, mbali na kile cha zamani, na mimi nikachota mchanga. Salamu hazikukatika, mama jirani aliendelea kumwamkia kama kawaida. Ila hawakupeana tena nyanya.

Bibi aliendelea kuuma nusu yake, na wateja wakaendelea kupungua. Mwalimu alihamishwa. Hata wanawake wa kijijini, waliomjua tangu usichana, wakaanza kupenda zile zisizo na matundu. Mimi nilifaulu kwenda sekondari ya bweni, tukashangilia nyumba nzima, na sikujiuliza ada inatoka wapi.

Nilirudi likizo ya kwanza nikakimbilia bondeni. Bustani ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuiona. Nyanya zilikuwa kubwa, nyekundu, hazina doa, na kwenye uzio lilikuwa limening'inia fagio la majani lililokauka, jeupe kwa dawa. Bibi alinishika mkono kabla sijachuma, akanipeleka mpaka kisimani. Kulikuwa na mistari miwili.

"Hizi ndizo zako, mjukuu wangu."

Alichuma moja yenye tundu, akaifuta, akauma nusu, akanipa nusu. Niliila huku nimeangalia chini. Zile nyingine sikumuuliza ni za nani, naye hakuniambia. Ada yangu ilikuwa mle ndani ya matenga, nililijua hilo bila kuambiwa, na mpaka anaondoka duniani hatukulizungumza.

Siku hizi mimi ni mtu wa mjini. Ninanunua nyanya sokoni kama wengine wote, naziosha mara mbili, na namkumbuka Bibi kila ninapoziosha. Namkumbuka kwa uchungu.

Binti wa kibandani alirudi na mfuko wa nyanya ndogo, nyingine zina matundu. Nikamwomba aume moja kwanza. Alicheka, akadhani namtania, halafu akaona sitanii. Akaifuta kwa kitenge chake, akauma, akanipa nusu. Nikaila palepale barabarani, mtu mzima nimesimama natafuna, machozi yananilenga, na binti wa watu haelewi amekosea nini.

Nyuma yangu basi la kwenda mjini lilikuwa limesimama, na abiria wananyoosha mikono madirishani. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto, akaomba achaguliwe zinazong'aa. Binti akamchagulia vizuri. Basi lilipoondoka, yale mafungu ya mbele yalikuwa yamekwisha yote.