Jina Langu Kwanza, Hospitali Nzima Ikangoja

Haya ni ya kunifedhehesha mimi mwenyewe, na nayasimulia kwa sababu Bi Zuwena ameshayasimulia harusini mara tatu, na kila mara ananiongezea jasho, basi bora myasikie kwangu.

Mnanijua nilivyoanza. Nilishuka Maskati na sanduku moja na diploma yangu ya kompyuta niliyoisotea Dar es Salaam (tuliingia wengi tukatoka wachache, msisahau hilo), sikubebwa na mjomba wala waziri, na miaka ya mwanzo ya elfu mbili nikawa fundi pekee wa kompyuta katika hospitali moja ndogo ya binafsi kule Khuwair ya Kusini. Mafaili ya wagonjwa niliyatia kwenye hifadhidata kwa mikono yangu, na lile swali inaloulizwa kompyuta ili kumtafuta mgonjwa kwa jina la kabila nililitunga peke yangu. Mkurugenzi, Sheikh Hilal, alikuwa ameshadokeza kwamba kitengo cha kompyuta kitapata mkuu wake, na mimi nilikuwa nimeshachagua kiti.

Sasa nna tabia yangu moja. Kila asubuhi nilikuwa nafika wa kwanza, naiwasha seva (jioni nilikuwa naizima, ati ipumzike), na kabla mtu hajagusa kitu natafuta jina langu mwenyewe, maana nami nilikuwa na faili pale kwa sababu ya jino. Kabila letu dogo, katika mafaili yote tulikuwa watatu, na jina linatokea kabla sijaondoa kidole. Natabasamu, naenda zangu kunywa chai.

Bi Zuwena wa mapokezi, mama wa Kiunguja anayekaa Hail, ndiye aliyeanza kulalamika kwamba kuna siku mgonjwa anatokea papo hapo, na kuna siku mtu anasimama dirishani mpaka anasahau anaumwa wapi. Nikaenda, nikatafuta jina langu, likaruka. Nikamwambia mbona kwangu haina tatizo. Nikabadilisha nyaya, nikalaumu kiyoyozi, nikalaumu na namna anavyobonyeza (hilo nililijutia siku ileile), mwisho nikamwandikia mkurugenzi kwamba seva imezeeka. Ikaletwa mpya.

Siku ya kuionyesha wakaja madaktari wote na Sheikh Hilal mwenyewe, halua mezani, kahawa inazunguka, picha ya kompyuta imemulikwa ukutani kila mtu aione. Nikahutubia kidogo, nikaitaja diploma, nikatafuta jina langu. Likaja kama umeme. Vichwa vikatikiswa kwa kukubali. Sheikh Hilal, ambaye kabila lake ukirusha jiwe wilaya yoyote utampata mmoja, akasema tutafute na la kwake.

Kile kichupa cha mchanga, alama ya kompyuta kwamba subiri, kikaanza kuzunguka ukutani. Finjani ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, nikasema mashine mpya inajizoeza, daktari mmoja akauliza kama hicho kichupa ndicho tulichokinunua, na mimi nilikuwa nautazama ule ukuu wa kitengo ukiondoka mlangoni bila kuaga.

Bi Zuwena alikuwa amesimama nyuma. Akasema, "Seif mwanangu, mimi si msomi. Lakini zile siku tatu ulizokwenda Nizwa harusini, niliiwasha mwenyewe, na ilikimbia siku zote tatu. Uliporudi tu ikalala. Hebu izime, uiwashe, na mara hii usijitafute wewe kwanza."

Ningekataa, lakini Sheikh Hilal alisema taratibu nimfanyie bibi huyo anavyotaka. Nikaizima, nikaiwasha, nikaanza na kabila la mkurugenzi. Maelfu ya majina yakamiminika kwa sekunde chache. Nikatafuta langu, nalo likaja, limechelewa kidogo tu.

Hapo hapo nimesimama nikaelewa, na wallahi nilitamani nisielewe. Hifadhidata ile ikiulizwa swali mara ya kwanza hujichagulia njia, kisha huishika njia hiyohiyo mpaka izimwe. Kwa watu watatu, njia nzuri ni kumwendea kila mmoja alipo. Ni kama kwenda soko la Mawaleh kununua makomamanga matatu, unaokota moja moja. Basi mimi kila asubuhi nilikuwa naifundisha kuokota moja moja, halafu naiachia kazi ya harusi ya watu elfu, nayo inakwenda na kurudi garini na komamanga moja moja mkononi badala ya kupakia magunia.

"Ya Seif," akasema Sheikh Hilal, "kwa hivyo ile seva ya zamani ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Sheikh."

"Basi aliyekuwa mgonjwa nani?"

Madaktari walijibu kwa kicheko.

Ukuu nilipewa, ila baada ya mwaka mzima, na mwaka huo funguo za chumba cha seva alikaa nazo Bi Zuwena, mimi nafika wa kwanza kama kawaida yangu na namsubiri mlangoni atoke Hail. Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu, kuliamuru swali lijipangie njia upya kila linapoulizwa. Tangu hapo nimeapa, chochote nitakachounda sitakipima tena kwa jina langu, ataanza mwenye kabila kubwa na mimi nitafuata nyuma ya wote. (Lakini mstari ule, semeni mnavyosema, uliandikwa na mwenye diploma.)