Meno Mbele, Kipara Nyuma

Kijiji chetu kiko karibu na Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, na njia hiyo ni mchanga. Si mchanga wa kukanyaga na kupita. Ni mchanga unaomeza gurudumu mpaka kwenye rimu, na ukitoka kwenye mchanga unakutana na miiba ya migunga. Ndiyo maana kwetu watu hujua aina mbili tu za matairi. Kuna tairi la meno, lenye vifundo vinavyouma mchanga, na kuna kipara. Kipara ni tairi la meno lililozeeka. Hakuna aliyewahi kununua kipara dukani, ila kila mtu anacho.

Baiskeli yangu ilikuwa ya baba. Baba alikuwa mrina asali. Kabla hajafa alipeleka madebe ya asali na nta kwa Mwarabu mmoja mwenye duka Tabora mjini, akarudi na matairi mawili ya meno, mapya, yananuka mpira. Hakuyafunga. Aliyatundika ukutani juu ya kitanda chake, akawa anayatazama kama watu wengine wanavyotazama picha ya harusi. Nikayafunga mimi, baada ya msiba wake kwisha.

Mwaka ule akaja mtaalamu. Tulikuwa tumeshahamia kwenye nyumba za mstari za kijiji cha ujamaa, na wageni wa kutueleza mambo walikuwa hawaishi. Yule wa mbolea alikwisha kuja, na yule wa vyoo. Huyu alikuja kwa mambo ya usafiri. Alikuwa na kitabu chenye picha za rangi, akakiinua juu ya kichwa tukione.

"Ndugu wananchi," akasema, "baiskeli ya kesho si hii mnayoijua. Ya kesho itakuwa na gia. Unagusa kidogo hapa kwenye usukani, mlima unakuwa tambarare."

"Mlima upi, ndugu?" akauliza mzee mmoja aliyekaa mbele.

"Mlima wowote, mzee."

"Basi utuletee na huo mlima."

Watu walicheka. Kwetu nchi imelala kama mkeka, ukiona kichuguu umeona mlima. Mtaalamu hakucheka. Alifunua ukurasa mwingine. Hapo palikuwa na baiskeli yenye sipringi kwenye uma wa mbele, na matairi manene kama ya pikipiki. Akasema matairi ya kesho hayatakuwa na mpira wa ndani.

"Na upepo utakaa wapi?" akauliza yule mzee.

"Utakaa humo humo ndani ya tairi."

"Na mwiba utakaa wapi?"

Mtaalamu akafunga kitabu, akasema maswali mengine yatajibiwa kwa wakati wake. Akaondoka na Landrova yake. Niliyatazama magurudumu yale yalivyokuwa yakipita mchangani. Yote manne yalikuwa na meno.

Angetuachia hapo tungepona. Lakini Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesikiliza kwa makini, na Mwenyekiti wetu akisikiliza kwa makini ni hatari. Ni mtu wa maneno marefu na miguu mifupi, na hana baiskeli. Akaitisha mkutano mwingine.

"Ndugu zangu," akasema, "baiskeli ya kesho itakuja. Lakini haiwezi kuja mahali pasipo na usawa. Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimekuta mmoja ana meno mawili, na mwenzake ana vipara viwili. Je, huo ni ujamaa?"

"Siyo!" wakajibu watu wa vipara.

Kamati ikaamua. Kila baiskeli ya kijiji ipewe tairi moja la meno na kipara kimoja, ili asiwepo wa kumzidi mwenzake. Tairi langu moja likaenda kwa jirani yangu. Yeye alimaliza matairi yake kwa kupeleka pombe ya mtama mjini kila wiki na kurudi amelewa, amepakiwa na baiskeli badala ya kuipanda. Nikapewa kipara chake. Kilikuwa laini kama tumbo la mjusi, na ubavuni kilikuwa na ufa. Nilitaka kukataa. Mimi nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia, na yakirudi mkutano umekwisha.

Palibaki jambo moja, nalo lilichukua mchana wote: meno yawe mbele au nyuma? Mama mmoja auzaye viazi vitamu aliinua mkono.

"Mzigo huwa uko wapi, Ndugu Mwenyekiti?"

"Mzigo uko nyuma, mama, kwenye karia."

"Basi naona viatu vizuri mnampa asiyebeba."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akangoja kiishe.

"Gurudumu la mbele ndilo kiongozi," akasema. "Kiongozi akiteleza, wote mmeanguka. Anayekubali meno yawe mbele anyooshe mkono."

Mikono ikanyooshwa, na wangu ukiwemo, kwa sababu kila aliyekuwa karibu nami alikuwa ananitazama. Ikaongezwa kwamba tairi lisihamishwe bila idhini ya kamati. Wapagazi wa zamani walipita njia ile ile na pembe za ndovu mabegani, toka huku mpaka pwani, na sijasikia kwamba waliitisha mkutano kuamua mguu upi utangulie.

Mavuno yalikuwa hayajaisha dereva wa lori alipotuletea habari. Kaka yake bibi amefariki huko Puge, na amekwisha kuzikwa. Bibi ndiye aliyenilea. Watoto wa tumbo moja kwao walikuwa wengi, na sasa alibaki yeye peke yake. Dereva alisema kunyoa ni Jumamosi. Kwetu msiba hauishi mpaka ndugu wanyolewe pamoja, siku moja, kwa maji ya chombo kimoja. Aliyekosa kunyolewa na wenzake anabaki na msiba kichwani, na kila anayemwona anajua.

"Nitanyolewa na watu wangu," bibi akasema. "Mume wangu, utanipeleka."

Ananiita mume wake tangu nikiwa mdogo, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu. Basi la Nzega lilikuwa limelala gereji likingoja kipuri. Lori lilikuwa limeshapita. Nilifunga gunia lenye majani makavu kwenye karia, bibi akakaa upande, amevaa kaniki yake ya msiba, mkono mmoja umeshika mgongo wangu. Kwenye mfuko chini ya siti niliweka pampu, gundi ya solusheni, viraka na wembe wa kukatia viraka. Tukaondoka Ijumaa, jogoo wa kwanza akiwika.

Mpaka Tabora mjini gurudumu la mbele liliuma mchanga vizuri sana. Liliuma na kwenda kulia, likauma na kwenda kushoto, kila nilipotaka. Tatizo ni kwamba la nyuma, lililombeba bibi na lililopaswa kutusukuma, lilizunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kupura mpunga. Nikashuka. Nikasukuma. Kwenye udongo mgumu nikapanda, kwenye mchanga nikashuka tena. Jua lilipokuwa utosini tulikuwa bado hatujafika mahali ambapo baba alikuwa akifika asubuhi, akiwa na madebe mawili ya asali.

"Kaniki yangu imejaa vumbi," bibi akasema. "Watadhani nimekuja kuzikwa, siyo kunyolewa."

"Samahani, bibi."

"Samahani ya nini? Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti cha kamati?"

Mbele kidogo kipara kikapasuka. Kilipasuka pale pale penye ufa, kwa mlio uliorusha kanga wote waliokuwa kichakani. Mpira wa ndani ulichungulia ubavuni kama kitovu cha mtoto, kisha nao ukapasuka. Tukakaa kivulini, nikautoa. Kutia kiraka kwenye mpira ni kazi ndogo. Lakini tairi lenyewe lilikuwa na tundu linalopitisha vidole vitatu, na mpira wowote ningeutia ungetoka pale pale. Bibi alinitazama. Kisha akaushika wembe wangu, akakata upindo wa kaniki yake, akaukunja mara nyingi mpaka ukawa mnene kama kisigino.

"Weka hiki kwa ndani," akasema. "Na sasa lile la mbele lilete nyuma."

"Kamati ilisema lisihamishwe, bibi."

Alisimama, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama njia tuliyotoka. Akageuka akatazama njia tuendayo. Akainama akachungulia hata kichakani.

"Naitafuta kamati," akasema. "Wewe umeiona? Isije ikawa imekaa na kiu mahali."

Nikafungua magurudumu yote mawili. Meno yakaenda nyuma, kipara chenye upindo wa kaniki kikaja mbele. Toka hapo tulikwenda. Mchanga ulikuwapo, lakini baiskeli ilikwenda, na bibi akaanza kuimba kwa sauti ndogo nyimbo za Kinyamwezi za kaka yake. Lakini siku ilikuwa imeshaliwa. Giza likatukuta mbali na Puge, tukaomba mahali pa kulala kwa watu wema, na alfajiri tukaendelea. Mara mbili ule upindo ulisogea na mpira ukachomoza, na mara mbili nilishuka kuurudisha.

Tulifika Puge jua limepanda. Ua ulikuwa umefagiwa. Wanaume walikuwa wamekaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na vichwa vyote viling'aa kama vibuyu vilivyopakwa mafuta. Mjomba, mtoto wa marehemu, alitoka mbio kutupokea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmenyoa?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Tulikungoja, shangazi. Tulikungoja mpaka wazee wakasema jua lisipite saa ya kunyoa. Tukasema labda umeumwa."

"Na maji?"

"Yamemwagwa, shangazi."

Bibi hakulia. Aliketi chini kwenye kizingiti cha nyumba ya kaka yake, akaondoa kitambaa kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe na nyingi. Katika ua mzima zilikuwa nywele zake peke yake, zake na zangu. Watoto walimtazama. Mwanamke mmoja alileta uji, bibi akaupokea kwa mikono miwili, akauweka chini bila kuunywa.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mwenyekiti pale. Nilimwona na miguu yake mifupi, akituambia kiongozi ni gurudumu la mbele. Nilimwona pia yule wa kitabu, anagusa kidogo kwenye usukani.

"Mume wangu," bibi akasema, "ule wembe wako bado una makali?"

"Nimekatia viraka, bibi. Una solusheni."

"Uoshe."

Nikauosha. Mjomba alileta maji kwenye bakuli, maji mengine, siyo yale. Wazee hawakukataa na hawakukubali. Waliendelea kuzungumza habari za pamba. Nikapiga magoti nyuma ya bibi, nikamnyoa pole pole, kwa sababu wembe ulikuwa umechoka. Nywele zilianguka kwenye kaniki iliyokatwa upindo. Nilipomaliza alijipapasa kichwa, akanigeukia, akaniambia nami niiname. Alininyoa yeye. Alinikata mahali pawili, akacheka kidogo, akasema kipara kimoja amekipata bila kugawiwa na mtu.

Kisha akatazama vichwa vya ndugu zake vilivyonyolewa pamoja, na kicheko kikamwishia.

Tuliporudi, mkutano ulikuwa wa kupokea taarifa za matairi. Mwenyekiti aliniona na kichwa changu cha upara, akafurahi.

"Huyu hapa!" akasema. "Amekwenda Puge na kurudi, na abiria nyuma. Ndugu zangu, hamwoni? Mpango umefika Puge!"

Watu wakapiga makofi. Nilisimama. Maneno yalianza kunikimbia kama kawaida, lakini moja lilikuwa limechelewa kutoka.

"Tulichelewa," nikasema.

"Lakini mlifika," Mwenyekiti akasema.

"Tulichelewa."

"Kufika ni kufika, kijana. Kaa. Tunaendelea."

Wakaendelea. Walikuwa na ajenda ya gia. Kulikuwa na swali kama gia zitakapoletwa zitagawiwa kwa kaya au kwa baiskeli, na mikono ilikuwa imeshaanza kunyooshwa. Sikukaa. Nilitoka, nikavuka barabara ya mchanga, nikaenda kwa jirani. Nilimkuta amelala barazani. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta, tairi la baba likiwa mbele, kama walivyoagiza. Nikafungua gurudumu, nikalitoa tairi la baba. Alifumbua jicho moja.

"Na kamati je?" akauliza.

"Iko mkutanoni."

"Basi nirudishie kipara changu."

Nikamrudishia, na upindo wa kaniki nikautoa kwanza. Bibi aliushona mahali pake kwa uzi mweusi, lakini haukukaa sawa, upande mmoja unaning'inia. Sasa baiskeli yangu ina meno mbele na meno nyuma. Kamati ikiyataka ije, na ije na spana yake. Juzi nilimwambia bibi kwamba safari ijayo, kokote itakakokuwa, tutafika mapema.

"Wapi tena?" akasema. "Wote wamekwisha. Msiba uliobaki ni wangu, na kwenda kwenye huo sihitaji baiskeli."