Solange na Kundi la Bikira

Solange alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, na Dzaleka nzima, kambi ya wakimbizi huko Malawi, ilikubaliana kwamba kichwani mwake kulikuwa na uzi uliokatika. Mwanamke mwenye kamera nzuri hivyo, arusi zimejaa kila Jumamosi, yeye anapiga picha giza!

Tena si giza la karibu. Alitaka galaksi, ile miji ya nyota iliyo mbali hata jicho haliioni, na alizitaka zikiwa kundi zima. Kwa kuwa dunia haina adabu ya kutulia mtu akipiga picha, aliunga mbao mbili kwa bawaba, akafunga kamera juu yake, akawa anazungusha skrubu polepole kila jua likizama ili kamera iifuate mbingu. Kisha akazirundika picha moja juu ya nyingine kwenye kompyuta yake kongwe, mpaka vikajitokeza vidoa vya kijivu, kama unga wa nsima, ugali wa Malawi, uliomwagika kwenye kitambaa cheusi. Solange alilia kwa furaha.

Kosa lake ni kumtajia jirani yake Elodie jina la kundi hilo kwa Kifaransa: la Vierge, yaani Bikira. Kesho yake watu wenye rozari wakajaa mlangoni.

"Mama Maria iko wapi?" Elodie aliuliza, akiigeuza picha juu chini.

"Haiko Maria, dada. Bikira ni jina tu ya ile upande ya mbingu. Hizi njo galaksi."

"Si ungesema mapema? Mi nimeacha sufuria ya sombe ku moto!"

Wakatawanyika, wakimsamehe kwa sauti kubwa.

Baadaye shirika moja likamwalika kwenye maonyesho ya sanaa ya wakimbizi, Lilongwe. Mwanga wa galaksi zile ulisafiri miaka milioni hamsini na ushei bila kuulizwa kibali; Solange, kwenda Lilongwe tu, alihitaji chenye muhuri. Alipofika, akaikuta picha yake ukutani, na chini yake karatasi: "Machozi ya Mkimbizi."

"Hii haiko machozi," akamwambia msimamizi, Carmen, mgeni aliyejifunzia Kiswahili Nairobi.

"Lakini watu wanapenda kuguswa moyo," Carmen alijibu, kwa upole wa mtu aliyesomea upole.

Solange akaibandua karatasi, akatoa chaki ya ushonaji mkobani, akaandika ukutani: "Kundi la galaksi. Hakuna anayelia."

Kwa heshima zote, picha ikahamishiwa korido ya kwenda chooni.

Huko ndiko ilikopata watazamaji, maana chooni kila mtu hufika. Mama mmoja wa Uvira, muuza vitenge wa mtaa wa Mtandire, alisimama mbele ya picha akimsikiliza Solange akieleza galaksi, hadi akasahau zamu yake ya choo.

"Sisi tuko kwa galaksi gani?"

"Hatuko mule, mama. Sisi tunaangalia tu kutoka huku."

Yule mama akasogea karibu zaidi. "Basi nionyeshe ile kubwa."

Solange akamwonyesha moja baada ya nyingine, huku nyuma yao watu wakilalamika kwamba njia imezibwa.