Safari ya kuzunguka dunia inayoanzia kwa mkubwa

Mhasibu bado hajafungua mapazia ya ofisi, na mkata tiketi za ndege tayari ana simu katikati ya sikio na bega. Anasubiri. Upande wa pili unapiga muziki uleule wa kinanda, unakatika, unaanza upya. Mikono yake haisubiri. Inavuta uzi mwekundu wa sweta na kuuzungusha kwenye mpira wa plastiki uliochorwa ramani ya dunia, mpira wa kuchezea watoto, rangi ya bahari imeshapauka.

Mbele yake ameketi mama mmoja, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mkoba mapajani. Wiki hii ameshakuja hapa mara nyingi mpaka mlinzi wa getini anamsalimia kama mfanyakazi.

"Mwanangu, huko wamelala?" anauliza.

"Hawajalala, mama. Wanatuchelewesha kwa heshima."

Ofisini wanamwita Fundi Uzi, kwa sababu ya huo uzi wake. Ana miaka arobaini na sita, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti hiki. Tiketi nyingi ni za kwenda na kurudi, anazikata huku anakunywa chai. Tiketi ya kuzunguka dunia nzima ni habari nyingine. Kwa mwaka anapata mbili, au tatu mwaka ukiwa mzuri, na kamisheni ya moja tu inamlipia mwanawe ada ya muhula.

"Hiyo ndiyo inayonitoa jasho nikiwa nimekaa," anasema.

Yeye mwenyewe amewahi kupanda ndege mara moja. "Nilitapika tangu kupaa hadi kutua. Tangu siku hiyo nasafirisha wenzangu."

Mama huyu ana watoto watatu, wote wako mbali. Kifungua mimba ni muuguzi. Wa kati anachomelea vyuma bandarini. Kitinda mimba ameolewa juzijuzi. Wamechanga, kila mmoja kwa uwezo wake, ili mama awaone wote kwa safari moja. Mkubwa na mdogo wanaishi bara moja, upande wa mawio, saa chache kwa ndege kutoka mmoja hadi mwingine. Wa kati yuko bara jingine kabisa, ng'ambo ya bahari kubwa.

Tiketi ya namna hii ni nafuu kuliko kununua kila kipande peke yake, lakini ina masharti.

"Ni kama kuzunguka nyumba," Fundi Uzi anaeleza, kidole kikifuata uzi. "Ukianza kwa mkono wa kulia, unamaliza kwa mkono wa kulia. Hakuna kugeuka nyuma. Kila bahari kubwa unaivuka mara moja, halafu unarudi ulikoanzia."

Njia ya kwanza aliyoipanga ilikuwa nzuri. Mama aende mawio, ashukie kwa kitinda mimba aliye karibu zaidi, asogee kwa mkubwa, avuke bahari kwenda kwa wa kati, arudi nyumbani. Mama akaitazama, akatikisa kichwa. Fundi Uzi akageuza uzi upande wa machweo. Hapo wa kati akawa wa kwanza. Mama akatikisa kichwa tena.

"Naanzia kwa mkubwa," alisema. "La sivyo siendi."

Mhasibu hakuweza kunyamaza. "Mama, mbona unawapanga watoto kama foleni ya benki?"

"Foleni naijua mimi," mama akamjibu. "Nimepakulia watoto mia tano kila siku. Mtoto aliyerukwa foleni hasahau mpaka anamaliza shule."

Kuna jambo nyuma ya maneno hayo. Miaka sita iliyopita, muuguzi alikuwa anajifungua mara ya kwanza, na mama alikuwa ameahidi kwenda kumlea uzazi. Wiki ya safari, kitinda mimba akalazwa, akapasuliwa tumbo. Mama akabaki. Mdogo akapona, mkubwa akajifungua salama, lakini tangu hapo simu zake zimekuwa fupi.

"Ananisalimia kama anasoma taarifa ya habari," anasema mama. "Hajanitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Sasa nikashukie tena kwa mdogo wake kwanza, nimwambie nini?"

Kwa hiyo Fundi Uzi ameyasoma masharti upya, yote, hata yale yaliyoandikwa kwa herufi za kuchosha macho. Ndipo alipoona kitu ambacho hakuwahi kukihitaji. Katazo la kurudi nyuma ni la kutoka bara hadi bara. Ukiwa ndani ya bara moja, unaruhusiwa kurudi.

Jana alimwonyesha mama kwa uzi. Ndege inapita juu ya mji wa kitinda mimba bila kutua, inaenda moja kwa moja kwa mkubwa. Mama akishakaa huko, anarudi kwa mdogo, na kutoka kwa mdogo anavuka bahari.

"Na wa kati anakuwa wa mwisho?" mhasibu akauliza.

"Wa kati hana neno," mama akasema. "Wa kati amezoea."

Fundi Uzi, ambaye ni wa tatu kati ya watoto watano, akainua macho kutoka kwenye mpira. "Hatujazoea, mama. Tunanyamaza tu."

Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akasema, "Basi yeye mpe wiki nyingi kuliko wote."

Kazi ilibaki. Viti vya njia ya kwanza vimeshikwa kwa jina la mama mpaka leo saa sita mchana, na ndege ya kuvuka bahari mwezi huo imejaa karibu yote. Akiviachia kabla njia mpya haijakubaliwa, mama anaweza kukosa vyote. "Mtu juu ya mti haachii tawi kabla hajashika jingine," anasema Fundi Uzi. Kompyuta imekataa kupiga hesabu ya nauli ya njia iliyojikunja namna hii. Lazima ipigwe kwa mkono na dawati la nauli la shirika la ndege. Ndiyo sababu ya muziki wa kinanda.

Mhasibu analeta chai. Mama hagusi yake. Macho yake yako kwenye uso wa Fundi Uzi, kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Muziki unakatika. Fundi Uzi anakaa wima.

"Ndiyo, niko hapa. Hapana, dada yangu, harudi nyuma. Yuko bara lilelile. Soma chini yake, aya inayofuata." Anatikisa kichwa taratibu. "Soma tu, nakusubiri. Nimeshasubiri kwa kinanda, nitashindwa kukusubiri wewe?"

Upande wa pili unasoma. Kisha kalamu ya Fundi Uzi inaanza kuandika.

Kodi ya uwanja imeongezeka kidogo kwa sababu sasa anavuka bahari kutoka uwanja mwingine. Ndege ya moja kwa moja ina kiti Alhamisi, si Jumanne. Mama anakubali Alhamisi kabla hajamaliza kuulizwa. Anapewa pasipoti yake mkononi asome jina lake herufi kwa herufi, na Fundi Uzi analinganisha kwenye kioo cha kompyuta. Halafu anabonyeza.

Siku hizi tiketi haina karatasi ya kujivunia. Inazaliwa kama safu ya tarakimu. Mama anaiangalia kwa muda.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, mama. Dunia nzima."

Mama anakunywa chai yake, ikiwa imeshapoa, yote kwa mara moja.

Mama akishaondoka, Fundi Uzi anawatumia watoto wote watatu ratiba. Wa kati anajibu wa kwanza: "Mimi wa mwisho tena?" Baada ya dakika anaandika tena: "Nimeona wiki. Asante."

Kuhusu maisha yake ya mbele, Fundi Uzi ana mpango. Amepata chumba kando ya zahanati, na mwakani anataka kufungua ofisi yake, ya safari za wazee tu. "Kijana anakata tiketi kwenye simu yake kitandani. Mzee anataka mtu wa kumsikiliza akieleza kwa nini hawezi kuanzia kwa mdogo."

Mchana simu ya mezani inalia. Ni muuguzi.

"Ni kweli anaanzia kwangu?"

"Anapita juu ya paa la mdogo wako," Fundi Uzi anamwambia. "Hashuki."

Muuguzi anauliza, "Magoti yake bado yanavimba? Kama yanavimba, aombewe kiti cha magurudumu."

"Mimi sijui magoti ya mama yako. Muulize mwenyewe, aniambie."

Simu inakatwa. Baada ya muda Fundi Uzi anampigia mama, apate jibu la kiti. Namba inatumika. Anamalizia tiketi mbili za watu wengine, anapiga tena. Bado inatumika.

"Acha waongee," anasema, akiirudisha simu mahali pake. "Hicho kiti nitakiomba kesho."